Kupima picha ya zamani kabla ya kushika msumeno

Diorama nyingi (mandhari ndogo za sanamu zinazojengwa juu ya ubao) za vita ya 1914–1918 ya Afrika Mashariki zinajulikana kwa mbali: ardhi nyekundu kama tofali, askari weusi tii kama lami, na mgunga mmoja wa mwavuli pembeni. Aliyezitengeneza hajawahi kukanyaga Kahe, tambarare iliyo chini ya Moshi. Anayeishi Moshi au Arusha hana kisingizio hicho, maana sehemu picha ilipopigwa ni mwendo wa daladala na udongo wake hauuzwi. Kazi basi inagawanyika hivi: vipimo vyote vinatoka kwenye picha, rangi zote zinatoka kwenye ardhi yenyewe. Anayechanganya haya mawili, akakisia vipimo kwa macho na kutafuta rangi kwenye picha isiyo na rangi, anaharibu kotekote.

Kwanza picha. Ziko nyingi na hazidai hela: maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inahifadhi picha za makoloni ya Ujerumani, Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, wanazo, na Imperial War Museums ya London wana za upande wa Waingereza. Ukitafuta kwa tahajia ya leo utapata chache. Andika Moschi, Aruscha, Taweta. Pakua faili kubwa kuliko zote lililopo, kwa sababu utalikuza mpaka uone vifungo.

Maandishi ya chini ya picha yasikutawale. "Moschi" ni sehemu mbili: Old Moshi kule juu kwenye migomba, ilipokuwa ngome ya Wajerumani, na Moshi mpya huku chini, uliokua baada ya reli kufika mwaka 1911. Udongo wa sehemu hizo mbili haufanani hata kidogo. Arusha nayo ilikuwa makao ya kikosi cha kwanza cha Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la makoloni, na boma lake lipo mpaka leo, lakini reli haikufika huko mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Picha yenye askari wa Mjerumani, reli na neno "Aruscha" imeandikwa na mtu aliyesahau alikokuwa. Bunduki zitakusaidia kupanga tarehe. Moshi ilishikwa na majeshi ya Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, katikati ya Machi 1916, na Kahe ikaanguka tarehe 21 mwezi huohuo. Askari wenye Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza, kwenye reli ya Kahe ni wa baada ya hapo.

Kabla ya kupima, hakikisha picha haijageuzwa kushoto kulia. Sahani za kioo, ndizo filamu za wakati ule, zilichapishwa kinyume mara nyingi tu. Tazama mkono wa komeo la bunduki: kwenye Mauser, bunduki ya Wajerumani, uko upande wa kulia wa mpigaji. Ukiuona kushoto, geuza picha.

Sasa rula

Tuchukue picha ya mfano, ya aina utakayokutana nayo mara kwa mara: askari watatu kando ya reli, wa mbele ameweka kitako cha bunduki chini na kuishika wima, nyuma kuna nguzo ya simu, kisha tambarare tupu. Ichapishe stesheneri kwa ukubwa wa A4, tumia rula ya chuma inayoonyesha nusu milimita.

Tafuta kitu kimoja ambacho urefu wake unajulikana duniani kote. Bunduki ndiyo bora. Mauser ya 1871 ya askari wa miguu ina milimita 1,345, Mauser 98 ina 1,250, Lee-Enfield fupi ina 1,132. Ya 1871 ipo kwenye picha nyingi za askari wa mwanzo wa vita, ile ya risasi moja yenye baruti ya moshi. Angalia tu kwamba bunduki imesimama wima na haijalalia upande wa kamera. Iliyolala kuelekea kamera huonekana fupi, na kosa hilo litaingia kwenye kila namba inayofuata.

Kwenye karatasi bunduki ina milimita 62. Askari mwenyewe, bila tarabushi, ana 79. Gawanya 79 kwa 62, zidisha na 1,345: mita 1.71. Namba ya binadamu wa kawaida, kwa hiyo bunduki umeitambua sawasawa. Kama ingetoka mita 1.95 ungejua mara moja kwamba si ya 1871.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka. Weka rula juu ya reli mbili, zichore kwa penseli mpaka zikutane kwa mbali. Mahali zinapokutana ndipo ulipo upeo wa macho, hata kama vichaka vimeuficha. Piga mstari wa mlalo hapo, kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari huo unapita kwenye kimo cha kamera, na kwenye ardhi tambarare unamkata kila kitu kilichosimama kwa kimo hichohicho, kiwe karibu au mbali. Kutoka nyayo za askari mpaka mstari ni milimita 66, yaani kamera ilikuwa mita 1.43 kutoka chini. Ukikuta mstari unapita kifuani kwa askari wa kwanza na juu ya kichwa cha wa tatu, wa tatu amesimama bondeni. Tayari umegundua mteremko ambao jicho halikuuona.

Nguzo: kutoka chini mpaka upeo ni milimita 20, kutoka chini mpaka ncha ni 95. Zidisha 1.43 kwa 95, gawanya kwa 20: mita 6.8. Na kwa kuwa 66 ni mara 3.3 ya 20, nguzo iko mbali na kamera mara 3.3 kuliko askari. Huo bado ni uwiano, haujawa umbali. Kuupata umbali, hesabu mataruma, yale yanayolala kukingama chini ya reli, kati ya askari na nguzo. Yakiwa nafasi 18, na kila nafasi ni sentimita 75, kuna mita 13.5. Hiyo 13.5 ni mara 2.3 (3.3 toa 1) ya umbali wa kamera na askari, kwa hiyo mpiga picha alisimama mita 5.9 kutoka kwake, na nguzo iko mita 19.4.

Sentimita 75 nimeweka kama makadirio. Reli imefanyiwa matengenezo mengi tangu hapo, na ni njia inayotumika (treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019), kwa hiyo usiende kukaa katikati yake na futi ya fundi. Kama picha yako inaonyesha mataruma kutoka ubavuni, linganisha nafasi zake na upana wa reli, ambao haujabadilika: mita moja kamili kati ya ndani na ndani.

Kwa skeli ya 1/35 gawanya kila kitu kwa 35. Askari milimita 49, bunduki 38.4, upana wa reli 28.6, nguzo 194, kina kutoka askari mpaka nguzo 386. Ubao wa sentimita 30 kwa 50 unatosha, na nafasi ya sentimita 6 mbele. Ukiwa na meza ndogo nenda 1/72. Reli itakuwa milimita 13.9 na nguzo 94. Usinunue reli ya treni ya kuchezea yenye upana wa milimita 32 ukaiweka kwenye 1/35. Hiyo ni sentimita 112 na jicho linaiona, hasa mtu akisimama karibu.

Bado usikate plaiwudi. Kata askari wa karatasi ngumu, milimita 49, na nguzo ya kijiti cha mshikaki, vipange mezani kwa vipimo ulivyopata. Chukua simu, igeuze kichwa chini ili lenzi ikae milimita 41 kutoka mezani, umbali wa milimita 168 kutoka kwa askari. Hivyo ndivyo 1.43 na 5.9 zinavyokuwa kwa 1/35. Piga kwa lenzi ya kawaida, si ile pana, kisha punguza kingo mpaka ifanane na picha. Kwenye ya zamani nguzo ilikuwa ndefu kuliko askari kwa 95 kwa 79. Kwenye simu uwiano ukitoka uleule, endelea. Nguzo ikionekana ndefu mno, iko karibu mno: pima upya mezani. Zile sentimita 75 jaribio hili haliwezi kuzikamata, maana zinasogeza kamera na nguzo kwa uwiano uleule. Ni nusu saa ya kazi, na inaokoa wiki tatu.

Udongo

Picha za wakati ule zilipigwa kwa sahani ambazo nyingi hazikuona wekundu. Nyekundu inatoka karibu nyeusi, bluu inatoka nyeupe. Ndiyo maana anga ni tupu kama shuka, na ndiyo maana Kibo haionekani kwenye picha ambazo ungetegemea iwepo: theluji na anga vimekuwa kitu kimoja. Tarabushi iliyo nyeusi kabisa kwenye picha huenda ni nyekundu isiyovishwa kifuniko. Usisome rangi hapo, soma mwanga na kivuli tu.

Nenda Kahe ukachote. Tambarare ile si nyekundu. Ni kahawia ya kijivu, na pengine imepakwa weupe wa magadi juu kama chumvi iliyokauka kwenye sufuria. Wekundu unaanza ukipanda mlimani. Kikombe kimoja cha chai kinatosha ubao mzima, lakini chota viwili kwa sababu kimoja kitaisha kwenye chekeche. Punje ya milimita 1 ni kokoto ya sentimita 3.5 kwa 1/35, na hapo ndipo diorama nyingi zinaonekana kama mto uliokauka. Pitisha kwenye chujio la chai, kisha kwenye soksi nyepesi ya kike. Kinachobaki kwenye chujio ni kokoto za reli, kinachobaki kwenye soksi ni ardhi, na kinachopita ni vumbi. Weka vumbi kwenye chupa peke yake. Kila fungu likaange kwenye sufuria kavu dakika kumi, ukikoroga. Usipokaanga, masika ya kwanza utaona ukungu unachanua chini ya gundi, na wakati mwingine vijidudu vinatoka kutembea kati ya askari.

Ubao: plaiwudi ya milimita 12, vanishi pande zote mbili na kingoni kabla ya kitu chochote. Ukipaka juu tu, maji ya gundi yataukunja kama kigae. Juu yake bandika foamu nyeupe ya kwenye boksi la friji, unene wa milimita 20, kwa gundi nyeupe ya mbao. Supa gluu na rangi ya kupuliza ya kopo zinaila foamu hiyo mpaka inabaki mashimo, kwa hiyo ipake koti la gundi ya mbao kwanza, ikauke, ndipo ufanye mengine. Jipsamu ya kuzibia dari inafaa kutengeneza miinuko, lakini isizidi milimita 5 kwa koti moja. Nene kuliko hapo inapasuka, na mipasuko yake ina kingo kali zisizofanana na za ardhi.

Sasa udongo. Paka gundi ya mbao isiyo na maji, nyunyiza kwa chujio, kandamiza kidogo kwa kidole kikavu. Nyunyizia maji yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, halafu dondoshea kwa bomba la sindano mchanganyiko wa gundi fungu moja na maji mafungu mawili. Sabuni si urembo. Bila hiyo tone linakaa juu ya vumbi kama shanga, linaviringika na kuacha shimo. Acha siku nzima, wakati wa mvua siku mbili. Utaona umeharibu: ardhi imekuwa ya rangi ya kahawa. Gundi inafanya udongo uwe mweusi daima. Rudi kwenye chupa ya vumbi, lipake kavu kwa brashi laini mpaka rangi irudi, usiligandishe. Vumbi hilohilo utalipaka kwenye miguu ya askari baadaye, mpaka magotini. Hapo ndipo watu na ardhi vinakuwa vya mahali pamoja.

Majani makavu ni katani. Kata kamba ya katani vipande vya milimita 15, chomeka vichache vichache kwenye matone ya gundi, punguza kwa mkasi. Rangi yake haihitaji kuguswa. Machi kabla ya mvua nyasi ziko hivyo. Pumba za kahawa zilizosagwa kidogo zinatoa majani yaliyoanguka chini ya vichaka.

Reli na bunduki

Wajerumani walitumia mataruma ya chuma, kwa sababu ya mchwa. Taruma la chuma ni kama karai refu lililopinduliwa, ncha zake zimekunjwa chini. Ukiweka vijiti vya mbao umepotea, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Kopo la soda linafaa: kata kipande, kikandamize juu ya umbo la ubao mgumu ulilolichonga mara moja, kunja ncha, jaza mgongoni epoksi ili lisibonyee. Kwa ubao wa sentimita 50 unahitaji kama 23, nafasi milimita 21.4. Reli zenyewe ni vipande vya kadi ya benki iliyoisha muda, vimebandikwa kwa umbo la herufi I. Paka kutu ubavuni, na juu sugua penseli ya 6B. Magurudumu yaliing'arisha sehemu hiyo tu.

Bunduki inastahili jioni nzima. Mtutu wa ile ya 1871 ni milimita 24.4 kwa 1/35. Nenda duka la dawa ukanunue sindano mpya ya 23G, yenye kitako cha bluu. Nje ina milimita 0.64, na tundu lake, ukilikuza mara 35, linakaribia milimita 12, wakati risasi ya bunduki hiyo ilikuwa ya 11. Hakuna kitu dukani kitakachokaribia hapo. Usiikate kwa plaizi, itabonyea na tundu litaziba. Ikwaruze kwa ukingo wa tupa ukiiviringisha mezani, kisha ivunje kwa vidole viwili huku umevaa miwani. Ncha kali itupe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko.

Kitako na mwili wa mbao ni kijiti cha mshikaki cha mwanzi, kimepasuliwa na kuchongwa kwa wembe. Chora kwanza umbo la bunduki kwa ukubwa wake kwenye karatasi, chonga juu yake. Nyuzi za mwanzi ni nyembamba kiasi kwamba ukipaka chai nzito badala ya rangi zinaonekana kama mbao halisi. Pete za kushikia mtutu ni vipande vya kopo la soda vya upana wa nusu milimita, na komeo ni uzi mmoja wa waya wa umeme, umekunjwa ncha. Mkanda wa bunduki usiufanye kwa karatasi ya kawaida, unasimama kama ubao. Tumia karatasi nyembamba ya ndani ya pakiti ya sigara, iliyolowanishwa gundi, uache uning'inie wenyewe mpaka ukauke.

Watu

Sanamu za plastiki za Wajerumani wa 1/35 zinapatikana kwa kuagiza. Kichwa, kofia na mara nyingi mikono vinabadilishwa kwa epoksi. Ile ya fundi bomba inayokauka kwa dakika tano haifai, itakugandia mkononi ukiwa bado hujamaliza sikio. Tafuta inayochukua saa moja na zaidi. Tarabushi ya vitani ilivishwa kifuniko cha kaki chenye kitambaa cha kukinga shingo, na nembo ya chuma ya ndege tai mbele. Kaki za askari watatu zisiwe moja: kila nguo imefuliwa na kuchomwa jua kivyake.

Ngozi anza na kahawia iliyoiva yenye wekundu kidogo. Kwenye vivuli ongeza bluu ya giza, si nyeusi. Penye mwanga, paji la uso, pua na mashavu, ongeza kahawia ya tofali au machungwa kidogo. Nyeupe usiiguse. Ukiongeza nyeupe ngozi inapauka, askari anaonekana kama mtu aliyeoga asubuhi ya Juni akatoka bila kupaka mafuta. Nyeupe ya jicho nayo iwe ya maziwa ya chai.

Na angalia kingo za picha. Vita hii ilibebwa vichwani: wapagazi walikuwa wengi kuliko wenye bunduki, na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza. Wajenzi wa diorama huwakata pale walipokatwa na mpiga picha, au huwaondoa kabisa kwa kuwa hawauzwi kwenye boksi. Ukiona nusu ya mtu ukingoni, mjenge mzima. Mzigo wake ni kama kilo 27, kwa hiyo shingo iko wima kabisa, magoti yamelegea kidogo, na mkono mmoja tu ndio umeshika juu. Ukimpinda mgongo kama mtu aliyebeba gunia, mzigo ungekuwa umeshaanguka.

Kioo cha kufunikia agiza kwa fundi wa aluminiamu, milimita 4, na umwambie aache tundu dogo nyuma lililozibwa kitambaa chembamba, maana boksi lisilopumua linatengeneza jasho asubuhi za baridi. Rafu iwe juu, kiasi kwamba uso wa ardhi ya diorama uko kama mita 1.5 kutoka sakafuni. Mtu mzima akisimama mbele yake, jicho linakaribia zile sentimita 4 za kamera, na nguzo inaangukia pale ilipokuwa. Watoto wawekewe stuli.